Triloki Nath na Jiwe la Langoni

Alhamisi, tarehe 8 Novemba 2018. Ukungu uliochanganyika na moshi wa fataki za Diwali, sikukuu yetu ya taa, baridi ya kutaka shali, si ya kutaka blanketi, upepo hakuna. Naandika haya siku mbili baadaye, kwa kuwa Alhamisi hiyo sikushika kalamu. Mtaa wetu ni wa makarani tangu enzi na enzi, na usiku wa Diwali kila nyumba hulaza kalamu mbele ya picha ya Chitragupta, mungu anayeandika matendo ya watu. Hakuna agusaye wino tena mpaka kalamu iamshwe kwa ibada, asubuhi ya keshokutwa yake.

Siku hiyo, saa kumi na moja alfajiri, Triloki Nath Kulshreshtha alipanda treni ya Haridwar kwenda kujitafuta. Sisemi kwa mzaha. Ndivyo alivyomwambia mkata tiketi dirishani.

"Mzee, Haridwar kuna nini?"

"Nakwenda kujitafuta."

"Basi kata ya kwenda na kurudi," yule kijana akamwambia, "usije ukajipata halafu ukakosa nauli."

Triloki Nath alikuwa na miaka sitini na miwili, mwembamba, masharubu yamechongwa kama mstari wa rula. Miaka thelathini na minne alikaa ofisi ya mifereji ya umwagiliaji, akigonga mhuri wa "Imeonwa" juu ya majalada ambayo hakuyasoma. Muda wote huo hakuwa na adui isipokuwa mkuu wa kitengo chake. Alipostaafu, mwanawe Vipul aliyeko Pune akamnunulia simu ya kioo, na kufika mwezi wa pili tayari alikuwa na maadui wa miaka elfu moja.

Kila alfajiri simu ilimletea hotuba. Moja ilisema kwamba sisi Wahindu ni ustaarabu uliolala, na wakati tumelala tumeibiwa. Maneno hayo yalimwingia moyoni kiasi kwamba aliacha usingizi wa mchana. Akawa anapita barazani kwa watu baada ya chakula, na akimkuta mtu amejinyoosha kitandani anamgonga mguu kwa mwavuli: "Hivi hivi ndivyo tulivyopoteza Delhi."

Alinunua daftari. Dukani lilikuwa limebaki la kijani tu, rangi asiyoitaka, akalifunika kwa karatasi ya zafarani, rangi ya Wahindu. Upande wa mbele aliandika "Sisi", akaligeuza, na upande wa nyuma akaandika "Wao". Baada ya miaka mitatu upande wa Wao ulikuwa umefika kurasa sitini na nne. Humo mlikuwa na wafalme waliokufa zamani, keki zenye mayai, kadi za wapendanao, mchuzi wa nyanya wa chupa, na fundi saa Mustaqim wa sokoni. Kando ya jina la Mustaqim aliandika "atazamwe kwa karibu", na chini yake, kwa wino uleule, "saa itakuwa tayari Jumanne". Upande wa Sisi ulikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza: Sisi ni wa kale sana. Wa pili: Sisi ni wengi. Wa tatu ulikuwa umefutwa.

Mkewe, Bi Kalindi, alilichungulia siku moja akitafuta karatasi ya orodha ya sokoni.

"Baba Vipul, kurasa zote hizi za watu usiowajua, na sisi mistari mitatu?"

"Sisi tunajulikana."

"Haya. Babu yako alikuwa nani?"

"Karani."

"Na baba wa babu?"

"Karani vilevile. Nipishe, unanizibia mwanga."

Mwanamke huyo hakuwa na nia mbaya, lakini alikuwa amegusa penyewe. Baba yake Triloki Nath alifariki kijana wake akiwa na miaka kumi na mitatu. Nyumbani hawakuwa na picha yake hata moja. Majivu yake, kwa kukosa nauli, waliyapeleka mto wa karibu badala ya Haridwar, kwenye mto mtakatifu wa Ganga. Mtu aliyeujulisha mtaa mzima habari za wafalme wa miaka mia nane iliyopita hakuweza kuhesabu wazee wake zaidi ya wawili.

Ndipo akaanzisha Kamati ya Kujitambua, wajumbe kumi na mmoja, na mimi nikawekwa katibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Kumbukumbu zote ninazo. Kikao cha tano kilikuwa na ajenda moja: adui ni nani. Mjumbe mmoja alisema ni shule za Kiingereza; wajumbe saba wakatazama chini, kwa kuwa wajukuu zao walikuwa huko huko wakati huo. Mwingine alisema ni walaji mayai. Wajumbe wawili wakaomba kutoka kidogo. Tulipofika kwenye adui wa ndani, kila mjumbe alimtazama aliyekaa kulia kwake.

Aliyekaa kulia kwa Triloki Nath alikuwa Onkar Saran, mwalimu mstaafu wa hesabu, mnene, mwenye kicheko cha kutisha njiwa. Nyumba zao zinagawana ukuta. Bomba la mvua la paa la Onkar hutema maji uani kwa Triloki Nath, na kwa ajili ya bomba hilo hawakuwa wamesemeshana kwa miaka kumi na tisa. Walisemeshana kupitia mtu wa tatu, hata wakiwa wamekaa mkeka mmoja, na tangu kamati ianze mtu huyo alikuwa mimi.

Jambo moja tu walilifanya pamoja. Pale mtaa wetu unapoanzia kuna lango la matofali la zamani, na juu ya tao lake jiwe lililochongwa maandishi ya Kiajemi, yale yanayokwenda kutoka kulia, mwandiko wa wafalme Waislamu wa zamani. Hakuna kati yetu aliyejua kuyasoma. Machi ya mwaka uliotangulia, Triloki Nath alisimama chini yake na kuhutubia watu ishirini na wawili, nikijihesabu na mimi.

"Mvamizi ameandika jina lake juu ya vichwa vyetu," alisema, "na sisi tunapita chini yake kila siku na mifuko ya bilinganya!"

Akapanda ngazi mwenyewe na ndoo ya chokaa. Onkar akaishika ngazi, maana hakutaka ionekane kwamba anampenda mvamizi kuliko mwenzake. Walipokuwa katikati ya kazi, dirisha la ghorofani lililo mkabala na lango likafunguka. Ni la Shangazi Rampyari, mwanamke wa miaka tisini na mmoja, shangazi wa mtaa mzima. Hata wenye miaka sabini humwita hivyo.

"Nyie! Mnampaka nani chokaa? Huyo ni bibi!"

"Shangazi, hili ni jiwe," Onkar alimjibu akicheka.

"Najua ni jiwe. Na wewe ni gunia, mbona tunakuita Onkar?"

Watu wakacheka, chokaa ikaendelea. Katika kumbukumbu niliandika: Shangazi Rampyari alitoa maoni. Hayakujadiliwa.

Mwaka huu kamati ilikua, na mitaa mingine mitatu ikaomba kujiunga. Sasa ilihitaji mwenyekiti wa kuchaguliwa, mwenye kiti cha mbele kwenye sherehe na jina kwenye bango. Uchaguzi ukapangwa Jumapili tarehe 11 Novemba. Triloki Nath akapendekeza sharti, likapita bila kupingwa: mgombea alete nakala ya vizazi saba vya ukoo wake kutoka vitabu vya nasaba vya Haridwar, yenye mhuri wa pandit, kuhani anayevitunza, kwa sababu asiyejijua hawezi kumjua adui. Alijua wajumbe wengi ni wavivu wa safari. Hakujua kwamba Onkar naye ana macho ya kutazama mabango.

Nilikwenda na Triloki Nath kama shahidi wa kamati. Tulifika saa nne. Malango ya maji ya Ganga yalikuwa yamefunguliwa usiku wa Diwali baada ya kufungwa siku za usafishaji, na maji yalikuwa bado na rangi ya chai, yakikokota kandambili za watu. Triloki Nath alioga haraka, akatetemeka, akavaa koti la sufi, tukaenda kuuliza nyumba ya Kasuku Wawili. Kila nyumba ya watunza nasaba ina alama yake mlangoni, na wateja hugawiwa kwa kijiji walikotoka wazee wao. Kijiji chetu kiko kwa Kasuku Wawili.

Tulivua viatu, tukaingia. Onkar Saran alikuwa ameshakaa mkekani, anapuliza chai. Alikuwa kwenye behewa la mbele la treni ileile.

"Katibu," Triloki Nath akaniambia, "muulize jirani yako amefuata nini hapa."

"Katibu, mwambie nimefuata babu zangu. Au na wao atawagombeza kwa habari ya bomba lake?"

"Bomba ni lake, mwambie!"

Pandit Vaidyanath aliingia akitafuna tambuu, miwani imefungwa kwa uzi, kofia ya sufi imeshuka mpaka nyusi. Aliwauliza mmoja mmoja: kijiji cha asili, ukoo, jina la baba, jina la babu. Kisha akapanda kijingazi, akatoa kwenye rafu furushi moja refu na jembamba lililofungwa kitambaa chekundu, akaliweka katikati yao.

"Panditji," akasema Triloki Nath, "huyu mletee chake, na mimi uniletee changu."

"Ndicho hiki."

"Cha nani?"

"Chenu."

"Chetu sisi na nani?"

"Na huyo hapo anayemaliza sukari yangu."

Onkar aliweka kikombe chini. Pandit akafungua kitambaa, akafunua kurasa, akaanza kusoma kwa kidole kutoka kulia kwenda kushoto.

"Panditji, samahani," Triloki Nath akasema kwa upole wa mtu anayemsitiri mwenziwe, "umeshika kitabu kinyume."

"Nimekishika sawa. Ni mwandiko wa Kiajemi."

Nje muuza maua alikuwa anabishana na ng'ombe.

"Kitabu cha Ganga," Triloki Nath akasema polepole, "mwandiko wa Kiajemi?"

"Wazee wenu walikuwa makarani wa serikali. Waliandika kwa mwandiko wa ofisini. Ulitaka waandike kwa mwandiko wa wasusi?"

"Na wewe Panditji, mtu wa dini, umejifunza wapi haya?"

"Kwa baba yangu, kwa bakora. Nusu ya wateja wetu walikuwa makarani kama nyie. Ganga imewapokea na mwandiko wao, mwanangu. Wewe una mamlaka gani ya kuwarudisha?"

Akasoma, na sisi tukasikiliza. Nayaandika hapa kama nilivyoyashika, maana nilimwomba arudie mara mbili.

Mwaka 1894: "Sisi ndugu wawili, Harsukh Rai mkubwa na Jwala Sahai mdogo, tumeleta majivu ya mama yetu Gomti. Alibaki mjane sisi tukiwa wadogo. Aliuza bangili zake zote kumlipa mwalimu atufundishe mwandiko huu, nao umetupa kazi na chakula. Kwa hiyo tumejenga lango mtaani kwetu, na juu yake tumeweka jiwe lenye jina lake kwa mwandiko alioulipia. Kila atakayekuja hapa katika wazao wetu aandike kama jiwe ni safi."

Harsukh Rai alikuwa baba wa babu yake Triloki Nath. Jwala Sahai alikuwa baba wa babu yake Onkar.

Pandit hakutazama uso wa mtu. Alifunua ukurasa. Mwaka 1911, ameandika Jwala Sahai: jiwe ni safi. Mwaka 1938, babu yake Triloki Nath: mvua imekuwa nyingi, tao limepasuka kidogo, tumelitengeneza, jiwe ni safi. Kisha mwaka 1967.

"'Mimi Raj Bahadur,'" Pandit alisoma, "'nimeleta majivu ya baba. Mwanangu Triloki ana miaka kumi na mmoja. Anajua hesabu, anaogopa mbwa. Naomba Ganga imwangalie. Jiwe ni safi.'"

Triloki Nath alinyoosha mkono akaugusa ule mstari. Wino ulikuwa wa samawati. Aliugusa kutoka kushoto, kama sisi tunavyosoma, akafika mwisho wa mstari ambao kumbe ulikuwa mwanzo.

"Lipi ni jina langu?" aliuliza.

Pandit akamwonyesha.

"Mbona dogo?"

"Ulikuwa mdogo."

Onkar ndiye aliyesema kwanza, na miaka kumi na tisa ya kununiana ilivunjika hapo hapo bila yeye kukumbuka kupitia kwangu.

"Ngazi niliishika mimi," alisema.

"Usiniambie mimi," Triloki Nath akajibu, naye akasahau. "Chokaa niliipaka mara mbili. Ile ya pili ulisema haihitajiki."

"Nilisema unapoteza chokaa."

"Basi ungesema kwa nguvu, we mtu! Kwa bomba una sauti!"

Pandit alimaliza kutafuna, akatema tambuu kwenye kopo, akauliza kulikoni. Nilimweleza mimi kwa kifupi. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Haya," akasema, akisukuma kidau cha wino mbele yao. "Nakala mnayoitaka mtaipata. Ila nyumba hii ina kanuni. Mhuri haugongwi mpaka walio hai waandike mistari yao kwanza. Andikeni majina yenu, ya watoto wenu, na habari ya jiwe."

Nilimwona Triloki Nath akishusha pumzi kama mtu aliyesikia treni yake imechelewa.

"Leo hatuandiki," alisema. "Kalamu imelala."

"Kweli, nimesahau, leo ni ile siku yenu." Pandit akacheka peke yake. "Mungu kawapa makarani siku moja na nusu kwa mwaka ya kutoandika uongo."

"Tutie dole gumba," akasema Onkar.

Triloki Nath alimgeukia kana kwamba amependekeza tuvue nguo. "Dole gumba? Vizazi saba vya makarani, halafu sisi tutie dole gumba kama tunachukua mgawo wa mchele? Mama yule ameuza bangili kwa ajili hiyo?"

"Nilikuwa nasema tu, kaka."

"Usiniite kaka."

"Baba wa babu yangu ni mdogo wa baba wa babu yako. Hesabu nimefundisha miaka thelathini. Wewe ni kaka."

Pandit alituambia turudi asubuhi kalamu ikishaamka. Aliacha nafasi chini ya mstari wa mwaka 1967, akaipima kwa vidole viwili, akafunga kitambaa.

Jioni tulikaa kwenye nyumba ya mahujaji, tukala puri, vile vimkate vya kukaanga, na viazi. Triloki Nath hakuzungumzia ustaarabu hata kidogo. Alikuwa na mambo mawili tu kichwani, na alikuwa anayapima kama mtu anayenunua dhahabu. Akiandika "jiwe ni safi", atapata mhuri, atapata kiti na bango, na atakuwa ameudanganya mto mbele ya baba yake. Akiandika ukweli, nakala itaonyesha kwa mwandiko wake mwenyewe, mbele ya mitaa minne, kwamba mvamizi aliyemfunika kwa chokaa alikuwa bibi yake.

"Andika 'jiwe ni jeupe'," Onkar akamshauri. "Si uongo."

"Ndio maana watoto wako wote walifeli maadili."

"Walifaulu hesabu."

Simu ikalia. Alikuwa Bi Kalindi, na kwa kuwa Triloki Nath huwa anazungumza na simu ameiweka mbali na sikio, sote tulimsikia.

"Umejipata?"

"Mama Vipul, lile jiwe la langoni..."

"La Bibi Gomti?"

"Wewe umelijulia wapi jina hilo?"

"Shangazi Rampyari. Kila Diwali ananituma nikamwashie taa pale chini. Jana nimewasha."

"Miaka yote hiyo! Na hukuniambia?"

"Nilikuambia Shangazi anasema ni bibi. Ukasema wanawake hawajui historia. Umekula?"

"Nimekula."

"Onkar naye amekula? Mkewe anauliza hapa, yuko ukutani."

Triloki Nath alimtazama Onkar, aliyekuwa anafuta sahani kwa puri ya tisa. "Amekula," akasema.

Baadaye alitoa daftari la zafarani kwenye mfuko. Alilifungua upande wa Wao na kulipitia taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, akisoma kwa midomo. Alipofika ukurasa wa arobaini na tisa alisimama. Nilikuwa karibu nikaona: "Jiwe la langoni. Limeshughulikiwa." Akapapasa mfuko wa shati akitafuta kalamu ya kulifutia, akakumbuka, mkono ukarudi magotini. Alikaa hivyo mpaka mhudumu alipokuja kuchukua sahani.

"Katibu," aliniambia, "Jumapili hakuna uchaguzi."

"Niandike sababu gani?"

"Andika mgombea hakukidhi sharti."

"Wagombea," Onkar akasema. "Weka wingi."

Ijumaa, tarehe 9. Anga safi, baridi kidogo zaidi. Hatukurudi kwa Kasuku Wawili. Triloki Nath alimpigia Pandit simu, akasema nafasi ile iachwe kama ilivyo mpaka atakapokuwa na cha kuandika. Pandit akasema imewahi kusubiri miaka hamsini, itasubiri. Tulipanda treni ya saa kumi na moja alfajiri, na jua lilipotoka Triloki Nath aliiamsha kalamu yake mle behewani, juu ya mkebe wa biskuti, kwa punje za mchele na ua moja la manjano. Ilikuwa kalamu ya plastiki ya rupia kumi. Onkar alikuwa amesahau yake, basi hiyo moja ikaamshwa kwa niaba ya zote mbili. Jambo la kwanza ambalo karani huandika siku hiyo ni majina ya miungu. Triloki Nath aliyaandika, kisha akaligeuza daftari upande wa Sisi, na kwenye mstari wa tatu uliofutwa akaandika: Gomti. Hapo akakwama, maana hakujua la kuongeza.

Saa nne tulishuka. Hakuingia nyumbani kupumzika. Alichukua ngazi kwa Onkar, na koleo la chapati kwa Bi Kalindi mlangoni, akapanda langoni na koti lake la sufi, akaanza kukwangua. Onkar aliishika ngazi na kutoa maelekezo. Chokaa iliyopakwa mara mbili ilikuwa imeshika kama saruji, ikawa inamdondokea Onkar kichwani.

Mjumbe mmoja wa kamati alipita na mfuko wa bilinganya, akasimama.

"Bwana Triloki, vipi tena? Unampaka mvamizi koti jipya?"

"Namvua koti," Triloki Nath alijibu bila kugeuka.

"Kwa nini?"

"Ajenda ya Jumapili. Njoo ujue."

Yule bwana akaniangalia mimi. Nikamwambia uchaguzi umefutwa, ila kikao kipo. Akaondoka akijikuna shingo.

Nusu saa ilipita, na herufi moja ikatokea, au nusu yake, kitu kama ndoana yenye nukta. Triloki Nath aliipuliza vumbi, akaitazama kwa karibu sana, pua ikigusa jiwe, kama mtu aliyepewa picha ndogo ya ndugu. Ndipo dirisha la ghorofani likafunguka.

"Nyie! Mmeamka lini?"

"Leo, Shangazi," Onkar alijibu kwa adabu.

"Sasa mbona mnaanzia huko? Hapo ni mwisho wa mambo yake. Bibi anaanzia kulia, wajinga nyie!"

Triloki Nath alitazama jiwe, akatazama dirisha. Kisha akashuka ngazi hatua kwa hatua, koleo mkononi, wakaibeba yeye na Onkar, mmoja huku mmoja kule, wakaihamishia kulia, na akapanda tena.